Msuli Hukaza, Hausinyai

Katika maandishi mengi ya sayansi na afya kwa Kiswahili, kazi ya msuli huelezwa kwa vitenzi viwili: kusinyaa na kulegea. Msuli mmoja ukisinyaa, tunaambiwa, mwenzake hulegea, na mkono unakunjika. Naona jozi hii ina kasoro, na kasoro hiyo inampotosha mwanafunzi kabla hajafika kwenye somo lenyewe. Jani lililosinyaa limekosa maji, limepungua na kulegea. Kwa hiyo kusinyaa si kinyume cha kulegea. Mara nyingi viwili hivyo huenda pamoja. Kinyume cha kulegea tunakijua sote: ni kukaza. Kamba hukazwa au hulegezwa, na nati ya gurudumu vivyo hivyo. Neno lililo sahihi kwa kazi ya msuli lipo midomoni mwetu siku zote.

Chanzo cha tatizo ni kwamba istilahi ya Kiingereza, contraction, yenye asili ya Kilatini, ina maana ya kuvuta pamoja hata kitu kipungue, na watafsiri wakaifuata. Lakini sayansi yenyewe imeonyesha kwamba kupungua si kiini cha jambo. Mwaka 1954 toleo moja la jarida la Nature lilichapisha makala mbili, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Chini ya hadubini, uzi wa msuli una mistari ya giza na ya mwanga inayopokezana. Watafiti hao waliona kwamba msuli unapofupika, ukanda wa giza, zilipo nyuzi nene za mayosini, unabaki na urefu wake uleule. Unaopungua ni ule wa mwanga. Maana yake ni kwamba nyuzi nyembamba za aktini huteleza kati ya zile nene, na hakuna uzi hata mmoja unaonywea. Neva ikileta amri, kalsiamu humwagika ndani ya seli na kufungua sehemu za aktini zilizokuwa zimezibwa. Vichwa vya mayosini huzishika, huvuta, huachia, kisha hushika tena mbele kidogo. Nishati hutoka katika ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Hata ujazo wa msuli haupungui: ukikunja kiwiko, msuli wa mbele ya mkono unafupika na papo hapo unatuna katikati.

Na si lazima ufupike. Shika ndoo ya maji mkono ukiwa umekunjwa nusu, usiisogeze: msuli unafanya kazi ngumu na urefu wake haubadiliki. Shuka ngazi, na misuli ya mbele ya paja inarefuka huku ikivuta kwa nguvu ili goti lisikunjike ghafla. Kusema kwamba msuli unasinyaa huku ukirefuka ni kumpa msomaji fumbo lisilo na sababu. Kusema umekaza huku ukirefuka kunaeleweka mara moja, kwa sababu kukaza hutaja nguvu ya kuvuta na hakutaji urefu.

Wapo watakaosema kwamba kukaza kunanuka ugonjwa, kwa kuwa mgonjwa hulalamika misuli imemkaza, na mwenye pepopunda taya zake hufunga. Hoja hii ina uzito, lakini lugha imeshaijibu: hali hiyo ni kukakamaa. Msuli wenye afya hukaza kisha hulegea. Uliokakamaa umeshindwa kulegea. Tofauti hiyo ina msingi wa kibiolojia pia, maana hata kuachia kunahitaji ATP, na ndiyo sababu maiti hukakamaa nishati hiyo inapokwisha. Wengine watataja moyo, ambao kila pigo huonekana ukipungua. Hapo kinachopungua ni nafasi ya ndani, na damu inasukumwa nje kwa sababu kuta zimekaza. Tukisema moyo unabana damu tutakuwa tumesema kweli bila kuharibu istilahi.

Pingamizi zito zaidi ni la mazoea: kusinyaa kumeshaingia vitabuni, kwa nini tukubadili? Kwa sababu tunakuhitaji kwingine. Mguu uliokaa wiki kadhaa ndani ya plasta ukifunguliwa, misuli yake huwa imepungua unene na nguvu. Huko ndiko kusinyaa hasa. Mgonjwa anayeambiwa kwamba misuli yake inasinyaa ana haki ya kujua kama inafanya kazi au inakonda, na leo neno moja linabeba maana zote mbili. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humwambia mgonjwa, "Kaza paja, hesabu hadi tano, legeza," na anaeleweka pasipo kamusi. Waandishi na wahariri wa vitabu vya biolojia wafuate njia hiyo: kukaza kwa kazi ya msuli, kufupika pale urefu unapopungua kweli, na kusinyaa kubaki kwa msuli unaokonda.