Kituo cha Maktau

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupita Maktau, na asipoambiwa hawezi kujua ya kuwa njia ile ya reli ilijengwa kwa ajili ya vita. Lakini mwaka 1915 palijaa mahema, nyumbu, eropleni, na askari wa Bara Hindi, Uingereza na Afrika.

Vita Kuu vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Wajerumani walivuka mpaka wakaitwaa Taveta. Kutoka upande huo vikosi vyao vidogo vikawa vikinyemelea Reli ya Uganda usiku na kuitegea baruti. Waingereza walitaka kuwafukuza, lakini kati ya Voi na Taveta ni nyika kavu, na ushujaa hauzimi kiu. Basi mapema mwaka 1915 mafundi wa reli wa jeshi la Bara Hindi walianza kutandika mataruma kutoka Voi, na katikati ya mwaka huo reli ikafika Maktau. Maji yalivutwa kwa mabomba kutoka milima ya Bura.

Hata hivyo, reli haikuleta ushindi upesi. Mwezi wa Julai 1915 Waingereza walirudishwa nyuma huko Mbuyuni, na tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walishindwa katika kilima cha Salaita. Taveta ilikombolewa mwezi wa Machi, chini ya Jenerali Smuts, na kabla ya mwaka kwisha reli ilikuwa imeungana huko Kahe na ile itokayo Tanga.

Vitabu vingi huwasifu majenerali. Kwangu mimi, jambo kubwa zaidi ni hili: palipoishia chuma, mzigo ulipanda kichwani mwa mtu. Jeshi liliposonga kusini, wapagazi walibeba unga, risasi na majeruhi; jina la kikosi chao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Waliokufa walihesabiwa kuwa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi.

Makaburi ya askari wa Kihindi yangaliko Maktau. Lakini wapagazi wengi hawakuandikwa majina yao katika jiwe lolote, na ni mwaka 2021 tu tume itunzayo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri jambo hilo hadharani na kuomba radhi.