Ini likiugua kwa muda mrefu, kipimo kimoja cha homoni hakitoshi

Kule Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, mwanaume mwenye kuugua ini kwa miaka anaweza kuona mambo ambayo anaona haya kusema: hamu ya ndoa inapungua, misuli inakonda, matiti yanavimba na kuuma. Kununua dawa ya nguvu sokoni mbele ya kumuona munganga ni hatari. Inawezekana homoni imepunguka, na kuipima kwa mtu mwenye ini bovu kunaomba uangalifu.

Ini na homoni vinaungana wapi?

Virusi vya epatiti B na C, pamoja na pombe kali kama lotoko, vinaacha makovu ndani ya ini. Makovu yakijaa, ugonjwa unaitwa siroze.

Testosteroni, homoni ya kiume, inatengenezwa ndani ya korodani, lakini amri inatoka kichwani kupitia homoni zinazoitwa LH na FSH. Siroze inalegeza ile amri. Pombe nayo inapiga korodani moja kwa moja. Kwa wanawake, hedhi inaweza kuvurugika ao kusimama.

Sababu gani namba inadanganya?

Ndani ya damu, testosteroni inabebwa na proteini, sawa abiria juu ya pikipiki. Abiria aliyeshuka ndiye anafanya kazi. Pikipiki moja inaitwa SHBG, na ni ini linaitengeneza. Kwa mgonjwa wa siroze, mara nyingi SHBG inaongezeka: abiria wengi wanabaki juu, wachache wanashuka. Labo ikihesabu wote pamoja, jibu linaonekana zuri, kumbe ile inayofanya kazi ni kidogo.

Ndiyo maana munganga anaomba testosteroni yote, SHBG na albumini, kisha anapiga hesabu ya testosteroni huru. Kama testosteroni yote iko chini waziwazi mara mbili, upungufu uko karibu hakika. Kama iko ya kawaida, lakini dalili zipo, mambo hayajaisha.

Kwa kortizoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, inakuwa kinyume. Ini bovu linatengeneza pikipiki chache za kuibeba, basi namba inaweza kuonekana chini wakati mtu anayo ya kutosha. Lakini upungufu wa kweli upo pia, na unaweza kuua: presha inashuka, sukari na chumvi ya damu vinapungua. Ili kuhakikisha, munganga anaweza kupiga sindano ya kuchochea zile tezi, kisha kupima tena.

Namna ya kupima testosteroni vizuri

- Damu itolewe asubuhi, kati ya saa 1 na saa 4, tumbo likiwa tupu.
- Usipime wakati wa malaria ao homa kali.
- Kipimo kirudiwe siku ingine, pamoja na LH na FSH.
- Taja pombe na dawa zote. Spironolaktoni, inayotolewa kwa maji ya tumbo, inaweza kuvimbisha matiti. Lakini usiiache bila munganga.

Dawa je?

Kwanza ni kutibu ini: kuacha pombe, kula vizuri, na tenofovir kwa mwenye epatiti B anayeihitaji. Sindano ya testosteroni si ya kila mtu: inaweza kuzidisha chembe nyekundu za damu na kupunguza mbegu za uzazi, na haifai kwa mwenye kansa ya prostati. Vidonge vingine vya aina hiyo vinaharibu ini lenyewe.

Kuanzia wapi?

Tangu miaka ya 1970, Kasongo inajulikana kwa mradi uliofanywa na Taasisi ya tiba ya nchi za joto ya Anvers, Ubelgiji: kituo cha afya kwanza, kisha hospitali ya rufaa. Njia ni ile ile leo. Kipimo cha homoni hakifanyiki kila labo. Mbele ya kulipa ao kusafiri, uliza kama wanapima SHBG na albumini pia.

Mwenye kutapika damu, kutoa choo cheusi, kuzimia ao kuchanganyikiwa asingoje homoni: apelekwe hospitali siku ile ile.

Kwa watoto, chanjo ya juma la 6, la 10 na la 14 inakinga pia epatiti B.