Mimi na Toutou: vita ya masua ku ziwa Tanganyika, na wale ambao hawakuandikwa



Ukikuta kundi la vijana waliosoma, uwaulize makamanda wakubwa wa vita vya majini, majina yanatoka haraka. Nelson wa Uingereza, aliyekufa ku Trafalgar mwaka 1805. Yamamoto wa Japani, aliyepanga shambulio la Pearl Harbor mwaka 1941. Mwingine atataja Zheng He, yule Mchina ambaye misafara yake ilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki karibu miaka 600 iliyopita. Sasa uliza: na kwetu Kongo? Hapo kila mutu anacheka. Sisi ni watu wa milima. Bahari yetu ni kile kipande cha Muanda, karibu kilometa 40 tu. Vita ya masua itutokee wapi?

Kumbe ilitokea. Ilipiganwa ku ziwa Tanganyika, kati ya 1914 na 1916, na matokeo yake yaligusa Kongo, Rwanda, Burundi na Tanzania ya leo. Kamanda wake aliandikwa mu vitabu. Leo nataka tuangalie vizuri ile vita, tujiulize swali moja: nani kweli aliishinda?

Tuanze mwanzo. Mwaka 1914, vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, Wajerumani walikuwa wanatawala Tanganyika, Rwanda na Burundi. Wabelgiji walikuwa na Kongo. Kati yao kulikuwa ziwa Tanganyika, lenye urefu wa karibu kilometa 670. Barabara hazikuwa nyingi, kwa hiyo mwenye ziwa ndiye mwenye njia: anapeleka askari pale anapotaka, na adui hawezi kuvuka. Wajerumani walielewa hiyo mapema. Tarehe 22 mwezi wa nane 1914, masua yao Hedwig von Wissmann ilishambulia masua ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, karibu na Lukuga, pale ambapo leo iko Kalemie. Masua ya Wabelgiji iliharibika, na ziwa likabaki la Wajerumani. Mwezi uliofuata wakakamata kisiwa cha Idjwi, hapa ku ziwa Kivu. Kwa hiyo tusifikiri ilikuwa mambo ya mbali. Vita iliingia Kivu kwa njia ya maji.

Kiisha Wajerumani wakaleta kubwa zaidi. Masua Graf von Götzen ilitengenezwa ku Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa ndani ya masanduku karibu 5,000. Masanduku yakashushwa Dar es Salaam, yakapanda treni hadi Kigoma, mafundi wakaiunganisha upya. Mwezi wa pili 1915 ikaingia majini. Ilikuwa na urefu wa metre karibu 70. Jina lake ni la yule Mjerumani aliyepita hapa kwetu na kupanda Nyiragongo mwaka 1894, kabla ya kuwa gavana. Hakuna boti ya Wabelgiji iliyoweza kusimama mbele ya ile masua.

Hapo ndipo Waingereza wanaingia. Mwezi wa nne 1915, mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, alifika London mbele ya wakubwa wa jeshi la majini. Wazo lake lilikuwa la ajabu: tulete boti ndogo zenye mbio kutoka Uingereza, tuzipitishe nchi kavu hadi Tanganyika, tuwashtue Wajerumani. Wakubwa wakakubali. Wakamchagua kamanda Geoffrey Spicer-Simson.

Huyu Spicer-Simson hakuwa Nelson. Alikuwa mutu wa majivuno mengi na bahati kidogo. Mwezi wa kumi na moja 1914, masua Niger iliyokuwa chini ya madaraka yake ilizamishwa na Wajerumani mbele ya pwani ya Uingereza kwenyewe, na yeye wakati ule alikuwa ku hoteli. Walikuwa wamemweka ofisini, kazi ya karatasi. Alipopewa boti mbili, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akatoa majina mengine: Mimi na Toutou. Alisema ni vile Wafaransa wanaita sauti ya paka na ya mbwa. Kwetu sisi wasema Kiswahili, "Mimi" iko na maana nyingine kabisa. Hilo tutalirudia.

Kila boti ilikuwa na urefu wa metre 12, mzinga mmoja mdogo mbele, bunduki ya rashasha nyuma, na mbio ya karibu kilometa 35 kwa saa. Mwezi wa sita 1915 zilipanda meli kwenda Cape Town. Toka pale treni ikazibeba hadi Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na mbele hadi Fungurume. Pale reli iliisha. Mbele yao kulikuwa pori na milima ya Mitumba.

Mitumba! Kila mutu aliyesoma jiografia ku shule hapa Butembo anajua hilo jina. Ni mlolongo uleule wa milima ambao tunaukalia huku kaskazini, na ambao kule Katanga Waingereza walipaswa kuuvuka na boti mbili. Tujaribu kuona ile kazi. Kutoka Fungurume hadi Sankisia ni zaidi ya kilometa 230. Hakukuwa na barabara. Watu walikata miti, wakasawazisha njia, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja. Magari mawili makubwa ya mvuke yalivuta boti, lakini yalikuwa yanakula kuni na maji bila kushiba. Ng'ombe wakafungwa kusaidia. Pale gari lilipokwama, na lilikwama mara nyingi, ilikuwa kamba na mikono ya watu. Maji ya kunywesha yale magari yalipokosekana, wanawake wa vijiji vya karibu waliyatafuta mbali, wakayaleta na vyungu kichwani. Kupanda mlima ilikuwa taabu, na kushuka vilevile: boti inafungwa kamba ku miti, watu wanaiachilia polepole ili isiponyoke na kuvunjika kule chini.

Mutu wa Butembo haitaji maelezo marefu hapa. Tumeshaona lori lililokwama mu matope ya mvua siku tatu, na vijana wenye majembe na kamba ndio wanalitoa. Tumeshaona chukudu lenye mzigo mzito likishuka mlima, mwenyewe akilizuia kwa miguu. Tunajua kwamba mzigo haufiki kwa jina la mwenye mzigo. Unafika kwa jasho la mwenye kuusukuma.

Ile njia ilichukua wiki sita. Toka Sankisia treni fupi hadi Bukama, halafu mto Lualaba, ambao maji yalikuwa machache na boti zikakwama mara nyingi ku mchanga, hadi Kabalo. Toka Kabalo treni tena hadi Lukuga. Walifika mwishoni mwa mwezi wa kumi 1915. Waingereza wenyewe walikuwa karibu 28 tu. Weusi waliofanya ile kazi, mamia kwa mamia, majina yao hatuyasomi popote.

Sasa vita yenyewe. Nitasema haraka, juu ilikuwa ya haraka. Mimi na Toutou ziliingia majini tarehe 22 na 23 mwezi wa kumi na mbili 1915. Tarehe 26, kesho yake ya Noeli, masua ndogo ya Wajerumani Kingani ilikuja kuchungulia. Mzinga wake ulikuwa unaweza kupiga mbele tu. Mimi na Toutou zikaizunguka kutoka nyuma. Kwa dakika kumi na moja mambo yaliisha: kamanda wa Kingani alikufa, masua ikakamatwa. Waingereza wakaitengeneza, wakaiita Fifi. Wajerumani hawakujua Kingani ilipotelea wapi. Mwezi wa pili 1916 walituma Hedwig von Wissmann kutafuta habari. Tarehe 9, Mimi na Fifi zikaikimbiza na kuizamisha. Ile Hedwig iliyoanzisha vita ya ziwa, nayo ikaenda chini.

Tuwe wakweli: hapo Spicer-Simson alifanya kazi yake. Alijua udhaifu wa mzinga wa Kingani, akautumia. Boti zake zilifika nzima, na hilo si jambo dogo. Alipewa nishani. Watu wa pale ziwani, Waholoholo, walimpa jina lao: Bwana Chifunga-tumbo, juu ya ile sketi aliyopenda kuvaa. Hadithi yake ilisaidia kuzaa riwaya ya Kiingereza The African Queen, ya mwaka 1935, na filamu ya mwaka 1951.

Lakini siku moja baada ya Hedwig kuzama, Götzen yenyewe ilitokea mbele ya Lukuga. Maofisa walingoja amri. Spicer-Simson alikataa kutoka. Toka siku ile hakuigusa hata mara moja. Kiisha aliugua, akarudi kwao.

Na Götzen iliishaje? Si kwa mzinga wa Mimi. Mwezi wa sita 1916 ndege za maji za Wabelgiji ziliishambulia ku Kigoma. Lakini jambo lililomaliza mambo lilitoka nchi kavu: jeshi la Kongo, Force Publique, lilikuwa limeingia Rwanda na Burundi kutoka upande wa Kivu, likishuka kusini. Reli ya Kigoma ilikuwa karibu kukatwa. Mizinga mikubwa ya Götzen ilikuwa imeshaondolewa, ipelekwe kusaidia vita ya nchi kavu. Tarehe 26 mwezi wa saba, Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza walipaka mashine zake mafuta mazito ili zisioze. Siku mbili baadaye Kigoma ikakamatwa, na tarehe 19 mwezi wa tisa 1916 Tabora ikaanguka.

Ile masua haikufa. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na toka 1927 ikafanya kazi kwa jina la MV Liemba. Ilibeba wafanyabiashara na samaki kwa miaka mingi. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Wakongomani nyumbani, na mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi. Iliyotengenezwa kwa vita ikaishia kubeba watu waliokimbia vita.

Sasa turudi ku swali letu. Nani alishinda? Ukihesabu dakika za mizinga ya Mimi na Toutou, hazijazi hata siku moja. Ukihesabu siku za kusukuma, kukata miti, kuchota maji na kubeba, ni miezi. Na hiyo ni boti mbili tu. Kwa vita nzima, Wabelgiji walitumia wabebaji karibu 260,000 wa Kongo. Wengine walichukuliwa kwa amri ya chifu, wengine kwa malipo madogo. Wengi hawakurudi: njaa, baridi ya milima, kuhara, uchovu. Askari mmoja mbele alihitaji watu kadhaa nyuma yake wa kubeba chakula na risasi. Bila wao hakuna Tabora, hakuna Kigoma, na boti ya Mimi ingeozea Fungurume.

Wafanyabiashara wetu wanaoenda Dar es Salaam wanajua soko la Kariakoo. Wengi hawajui jina lilitoka wapi. Limetoka ku jina la Kiingereza la kikosi cha wabebaji wa vita ileile, ambao kambi yao ilikuwa pale. Ku Nairobi pia kuna Kariokor, ni jina lilelile. Basi upande wa Waingereza, wabebaji walau waliachiwa jina la soko. Hapa kwetu, walibakia na nini? Ni mtaa gani wa Butembo au Beni unaowataja?

Sisemi haya ili tulie juu ya mambo ya 1916. Nasema juu ya leo. Kila asubuhi tunafungua radio hapa Kivu ya Kaskazini, na tunasikia majina ya makamanda: fulani amekamata kijiji, fulani amerudi nyuma. Yule mama anayekimbia na godoro kichwani na mtoto mgongoni, jina lake halisikiki. Miaka mia moja ijayo, mwanafunzi atakayeandika historia yetu atakuta nini? Makamanda tu?

Ndiyo maana nawaambia finalisti wanaotafuta somo la TFC, hasa wa historia: hapa kuna kazi. Askari na wabebaji wa 1916 wamekufa wote, lakini wajukuu wao wangali hai, wazee sasa. Kaa na mzee wako jioni. Usimwulize "kamanda alikuwa nani?" Mwulize "babu yako alibeba nini, toka wapi, hadi wapi, na nani alirudi naye?" Andika jina la kijiji, jina la njia, jina la mutu. Mzee akilala, ile maktaba imefungwa.

Yule Mwingereza aliita boti yake Mimi, na hadithi yote ikawa ya mimi, mimi, mimi. Kwa Kiswahili chetu tunajua neno lingine linalofuata mimi na wewe. Ni sisi. Sehemu hiyo ya hadithi haijaandikwa bado, na wenye kalamu ni sisi.