Mashine za umeme wa njia tatu katika karakana ya nyumbani

Mashine za njia tatu ni mitambo ya viwandani, kama randa, msumeno wa meza na mashine ya kukereza chuma, ambayo mota zake hutumia umeme wa fezi tatu. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina njia moja tu, hivyo fundi anayenunua mashine iliyotoka kiwandani hulazimika kutafuta namna ya kuiendesha.

Umeme wenyewe. Tanzania hutumia volti 230 kati ya fezi na nyutro, na 400 kati ya fezi na fezi. Kenya ni 240 na 415. Mawimbi ya fezi tatu hupishana kwa nyuzi 120, na kupishana huko ndiko huzungusha uga wa sumaku ndani ya mota. Njia moja haiwezi kuanzisha mzunguko huo: mota hunguruma palepale, na ikiachwa hivyo huungua.

Kibati cha mota. Mota yenye kibati kilichoandikwa 230/400 huweza kufungwa kwa delta (mtindo wa pembetatu) kwenye volti 230. Iliyoandikwa 400/690 inadai volti 400 hata ikifungwa delta, kwa hiyo haifai kwa inveta ya kawaida ya njia moja, inayoelezwa hapa chini.

Njia za kuendesha

*Kapasita.* Huigiza fezi ya tatu. Mota ya volti 230 huhitaji takriban mikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Ni njia rahisi, ila nguvu hushuka hadi takriban theluthi mbili na mota huanza kwa udhaifu.

*Mota ya kuzalisha fezi.* Mota kubwa ya fezi tatu huzungushwa bila mzigo kwa njia moja, nayo hutoa fezi inayokosekana. Huweza kulisha mashine kadhaa.

*Inveta ya mota.* Hugeuza umeme wa njia moja kuwa mkondo mnyoofu, kisha kuutoa kama fezi tatu. Huanzisha mota taratibu na kudhibiti mwendo wake. Kila mashine hupewa inveta yake, na swichi haiwekwi kati ya inveta na mota. Kwa mota ya hadi kilowati 2.2, hii ndiyo njia bora.

*Laini ya njia tatu.* Karakana yenye mashine kubwa au nyingi zinazofanya kazi pamoja inafaa kuomba njia tatu kwa TANESCO au Kenya Power.

Usalama. Mota ikizunguka kinyume, nyaya mbili za fezi hubadilishwa nafasi. Fezi moja ikikatika mota ikiwa kazini, mbili zilizobaki hubeba mzigo wote. Kwa hiyo relei ya kuzuia mzigo kupita kiasi ni ya lazima. Kapasita za inveta hubaki na chaji baada ya umeme kuzimwa, na hazifai kuguswa kabla ya dakika zilizoandikwa kwenye kifaa kwisha. Waya wa ardhini usikosekane kwenye mashine yoyote. Soma kibati kabla ya kulipia mashine, na kazi ya kuunganisha mwachie fundi mwenye leseni.