Mtoto wa Kupakatwa

Waswahili husema ajali haina kinga. Hata hivyo, kabla ndege haijaruka, vikombe hukusanywa, meza hukunjwa, mizigo hufungiwa na kila mtu mzima hufunga mkanda. Mtoto mchanga ndiye hubaki mapajani mwa mzazi, kwa kuwa hana kiti chake.

Zamani safari zenyewe zilikuwa nzito. Mwaka 1937 Imperial Airways ilipoanza kurusha ndege za majini kutoka Southampton hadi Durban, zikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, abiria alikuwa njiani kwa siku kadhaa. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg kupitia Entebbe, ikafika kwa muda usiotimia saa 24. Tangu hapo bahari na jangwa vikawa safari ya siku moja, na wazazi wengi wakathubutu kusafiri na watoto wachanga.

Mimi nilisafiri na mwanangu wa miezi mitano kutoka Nairobi hadi London. Ndege ilipoanza kushuka alilia, kwa maana masikio ya mtoto huumizwa na badiliko la kani ya hewa. Nilimnyonyesha, akameza, akatulia. Usiku kucha nilimpakata nikiamini kwamba mikono yangu yatosha.

Lakini mikono ya mzazi ina kikomo. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United Airlines iliyotoka Denver kwenda Chicago iliharibika injini ya mkiani, ikapoteza mitambo ya kuiongoza. Kabla ya kuanguka Sioux City, wazazi waliambiwa wawalaze sakafuni watoto wa kupakatwa na kuwashikilia, kama mwongozo wa wakati ule ulivyoelekeza. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 112 walifariki, mmoja wao akiwa mtoto wa kupakatwa. Mkuu wa wahudumu, Jan Brown, alinusurika, akatumia miaka mingi kudai kila mtoto awe na kiti na mkanda wake.

Sababu yake yaeleweka. Ndege ikisimama ghafula kwa nguvu mara 10 ya uzito wa kawaida, mtoto wa kilo 8 huwa kama mzigo wa kilo 80. Hakuna mama awezaye kuushika.

Bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali iliunga mkono dai hilo. Hata hivyo, mwaka 2005 mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilikataa kulifanya sheria. Ilisema kwamba familia zikilazimika kulipia kiti cha ziada, baadhi zitasafiri kwa gari, na barabara huua watu wengi kuliko anga.

Hoja hiyo si ya kipuuzi, kwani inapima uhai wa wengi. Ila uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye hampakati mwingine ila wake. Mwenye uwezo na amnunulie mtoto kiti, achukue na kiti cha watoto kilichoidhinishwa kwa ndege. Asiye na uwezo tusimlaumu. Tuulize badala yake kwa nini usalama wa abiria mdogo kuliko wote umeachiwa mfuko wa mzazi wake.