Kaisari Aliyepewa Uso wa Mtu Mwingine

Mwaka 1632 Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza aliidhinisha malipo kwa Anthony van Dyck, mchoraji wa Antwerp na mmoja wa vinara wa mtindo wa Baroko. Alilipwa pauni 20 kwa kuchora picha ya Kaisari Vitellius na pauni 5 kwa kukarabati ile ya Kaisari Galba.

Kazi hiyo ilitokana na mkasa wa baharini. Karibu miaka 100 kabla, mchoraji Titian alikuwa amemchorea mtawala wa Mantua, Federico Gonzaga, makaisari 11 wa Roma. Charles aliponunua hazina ya akina Gonzaga, baadhi ya picha zilipakiwa katika meli iliyobeba pia zebaki. Zebaki ikavuja, picha zikaingia weusi. Vitellius akaharibika kabisa, na Titian alikuwa amekwisha kufariki tangu 1576. Ndipo Van Dyck akapewa kazi ya kuziba pengo.

Lakini uso wenyewe ulitoka wapi? Vitellius alitawala miezi minane tu mwaka 69, kisha akauawa na mwili wake kutupwa mtoni Tiber. Mwandishi Suetonius alimchora kwa maneno kama mlafi asiyeshiba, akasimulia karamu moja iliyoandaliwa samaki 2,000 na ndege 7,000. Basi, mapema katika karne ya 16, kichwa cha marumaru kilichofukuliwa Roma kikafika Venice, urithi wa Kadinali Domenico Grimani. Kitazame: mashavu yamejaa, mdomo mdogo umebanwa, kidevu kimezama katika nyama za shingo. Waliomsoma Suetonius hawakuhitaji ushahidi zaidi. Huyu ndiye! Titian akakifuata alipomchora Vitellius wake, na wanafunzi wa mchoraji Tintoretto wakajifunzia kuchora kwa kukitazama.

Wataalamu wa leo wanasema siye. Kwa namna kilivyochongwa, kichwa hicho ni cha karne ya 2, miongo mingi baada ya Vitellius kuuawa. Kwangu mimi hili linauma kuliko zebaki ile: mtu mmoja wa Roma, ambaye huenda hakumkosea yeyote, amebebeshwa ulafi wa kaisari kwa sababu tu alikuwa mnene.

Picha zenyewe hazikudumu. Charles alikatwa kichwa mwaka 1649, mali yake ikauzwa, na makaisari wa Titian wakaishia Madrid. Huko waliteketea katika moto wa kasri la Alcázar, mkesha wa Krismasi wa 1734. Vitellius wa Van Dyck naye hatunaye tena. Tunaijua kazi ya Titian kwa nakala tu, hasa zile alizozichonga Aegidius Sadeler kwenye mabamba ya shaba na kupiga chapa. Nakala hizo zilisambaa Ulaya nzima na kuueneza uso ule ule.

Kichwa cha marumaru bado kipo Venice, katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Aliyechongwa hajulikani jina, na wengi wangali wanamwita Vitellius.