Vumbi Lisiloonekana: Kutoka Viwanda vya Viti hadi Karakana ya Nyumbani

Fundi seremala amalizapo kazi jioni hutazama sakafu. Akiona maranda yametapakaa hushika ufagio. Akiona sakafu safi huamini kwamba karakana nayo ni safi. Imani hiyo ni kongwe kuliko msumeno wa umeme, na wako waliolipa kwa roho zao kwa kuishika. Kisa chake huanzia katika mji mmoja wa Uingereza uliokuwa ukiishi kwa kutengeneza viti.

Mji huo ni High Wycombe, katika jimbo la Buckinghamshire, kaskazini-magharibi ya London. Vilima vinavyouzunguka vilijaa misitu ya mti uitwao beech, na humo mafundi walikereza miguu ya viti kwa keezo za kukanyaga, kisha wakaipeleka mjini ikaunganishwe. Viwanda vilipoingia, kazi ilikua kwa kasi ya ajabu. Inakadiriwa kuwa kufikia mwaka 1875 mji ule ulikuwa ukitoa viti 4,700 kila siku. Hata klabu yake ya mpira, Wycombe Wanderers, mpaka leo ina lakabu ya vijana wa viti.

Katika miaka ya 1960, daktari wa masikio, pua na koo wa mji huo, Bibi Esma Hadfield, aliona jambo lililomtia shaka. Saratani ya ndani ya pua ni maradhi adimu mno, khasa ile inayoanzia katika tezi za utando wake. Daktari aweza kumaliza umri wake wa kazi asikutane nayo ila mara chache. Yeye alikuwa akiwapokea wagonjwa mmoja baada ya mwingine, na aghalabu walikuwa watu wa samani. Ronald Macbeth wa Oxford naye aliliona jambo hilohilo na kuliandika mwaka 1965. Wawili hao wakashirikiana na Donald Acheson, mtaalamu wa kufuatilia mienendo ya maradhi katika jamii, na mwaka 1968 wakachapisha matokeo yao katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mafundi wa samani walikuwa wakipatwa na saratani hiyo mara mamia kadhaa kuliko watu wengine. Kosa halikuwa la vanishi wala rangi, bali la vumbi la mbao lenyewe. Tena maradhi hayo hayana haraka: baina ya siku kijana anapoingia kiwandani na siku anapougua, mara nyingi hupita miaka 40. Lau madaktari hawa hawangetilia maanani kazi za wagonjwa wao, yamkini jambo lingepita bila kuonekana.

Mwaka 1969 serikali ya Uingereza iliyatia maradhi hayo katika orodha ya yale yanayotokana na kazi, ili waliougua walipwe. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliweka vumbi la mbao katika kundi lake la kwanza, la vitu ambavyo pasi na shaka humletea binadamu saratani.

Kwa nini basi useremala, kazi ya tangu dahari, ukangoja karne ya 20 ndipo ushitakiwe? Sehemu ya jibu imo katika zana. Randa ya mkono hutoa utepe mrefu uliojikunja, na utepe hauingii mapafuni. Tezo hutoa vibanzi. Hata msasa wa asili ulikuwa jani la mti, ndiko neno lenyewe lilikotoka, na mkono wa mtu ulipolisugua haukuwa na kasi kubwa. Mashine haichongi hivyo, yasaga. Hutoa chembe zisizofikia hata mikromita 10, ilhali unywele wa mtu una kama mikromita 70. Chembe kama hizo hazionekani kwa macho, huelea hewani kwa saa nyingi, na zilizo ndogo zaidi hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Yale maranda yanayofagiwa jioni ndiyo yasiyo na hatari. Kilichobaki hewani ndicho chenye hatari.

Chombo cha kulikamata vumbi hakikuzaliwa kwa ajili ya maseremala. Tarehe 2 Mei 1878 kinu kikubwa cha unga mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka na kuua watu 18, kwa sababu unga uliotanda hewani hushika moto kama baruti. Wenye vinu wakatafuta njia ya kuutoa. Mwaka 1885 John M. Finch alipata hataza ya chombo kinachoizungusha hewa ndani ya pipa lenye umbo la pia. Hewa ikizunguka kama kimbunga, chembe nzito hurushwa pembeni, zikateleza ukutani na kuangukia chini, na hewa iliyopungua uchafu hupanda na kutokea juu. Hakina mfuko wa kuziba wala kitambaa cha kuchanika. Viwanda vya kupasulia mbao vilikipokea kwa furaha, na ni chombo cha namna hiyo juu ya paa la kiwanda cha mbao kilichompa James Dyson fikra ya ufagio wake wa umeme usio na mfuko, uliomchukua majaribio 5,127.

Sheria za vumbi ziliingia viwandani, nyumbani hazikuingia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashine zilihamia katika mabanda ya uani. Mwaka 1947 Marekani iliuza Shopsmith, mashine moja iliyokuwa msumeno, keezo na kekee kwa pamoja, na mtu yeyote mwenye nafasi ya kuegesha gari aliweza kuwa na kiwanda chake. Hapo ndipo uchaguzi ulipomwangukia fundi peke yake, na wengi wamechagua kwa macho. Wamenunua feni yenye mfuko wa kitambaa, kwa kuwa ni rahisi na sakafu hubaki safi. Mifuko mingi ya bei nafuu huzuia chembe za mikromita 30 na kuachia zilizo ndogo, kwa hiyo feni huzivuta chembe zile za hatari kutoka kwenye msumeno na kuzitawanya sawasawa chumba kizima. Ni afadhali asingekuwa nayo, akafungua mlango.

Pia ya Finch yenyewe haimalizi kazi, kwani chembe nyepesi hupanda pamoja na hewa. Inayoyafaa mapafu ni pia ikifuatwa na chujio la kushika chembe laini: pia hupokea mzigo, chujio likabaki wazi na mvuto usipungue. Bomba nalo lina neno. Bomba la inchi 6 lina uwazi zaidi ya mara mbili ya lile la inchi 4, na vumbi laini hukamatwa kwa wingi wa hewa, si kwa nguvu ya kufyonza. Ufagio wa umeme wenye bomba jembamba huufaa msasa wa mkononi unaofungwa nao moja kwa moja. Ukiunganishwa na msumeno wa meza haufui dafu. Na mtu mwenye fedha kidogo hana budi aanze na barakoa ya kuzuia chembe, inayoukamata uso pande zote, kisha ndiyo afikirie mashine.

Watu wa pwani walikuwa na mfadhili mwingine, upepo. Anayepasua mbao chini ya mkungu, kusi ikivuma, hana haja ya pia. Lakini mashine za umeme zimewaingiza mafundi ndani, milango ikafungwa kwa kuogopa wezi na mvua, na mbao za kwetu si za mzaha: vumbi la mvule, ambao Ulaya wanauita iroko, hujulikana kwa kuleta pumu, na la mpingo huwasha ngozi na pua. Mpingo unaokatwa katika misitu ya Kilwa na Lindi husafiri mpaka Ulaya ukakerezwe klarineti na zumari, na huko Umoja wa Ulaya umeweka kikomo, tangu Januari 2023, cha miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu katika kila mita moja ya ujazo wa hewa anayovuta mfanyakazi. Pacha wa gogo hilohilo, lililobaki nyumbani likachongwe kinyago, aghalabu hupigwa msasa mapajani, na mchongaji hulipuliza vumbi kwa kinywa chake ili auone uso aliouchonga.